Gari Lako Dogo Kwenye Kona ya Mlima

Yaya Aline, dada yangu mkubwa,

Nakuandikia kwa sababu leo nimefanya jambo ambalo hakuna mwingine hapa Muhumba angeelewa.

Tangu ulipotuacha, nyumba hii imekuwa na nafasi nyingi mno. Wageni wa matanga waliporudi kwao Bagira, tulibaki mimi na Maman, kila mmoja akisubiri mwenzake aongee. Amehamishia cherehani yake sebuleni. Nadhani anataka tu kuwe na sauti. Chumbani kwetu televisheni iko palepale na mashine ya gemu, na manette zetu mbili za kuchezea juu yake. Sikuzigusa.

Siyo kwamba sikutaka kucheza. Niliogopa gari lako la mchezoni. Unakumbuka ile jioni kabla ya kwenda hospitali? Ulirudi kutoka shuleni na chaki mikononi, ukavua viatu, ukaendesha kidogo, kisha ukalisimamisha kwenye kona ya mlima. Ukasema, "Nimechoka, nitamalizia kesho." Mchezo ule hujihifadhi wenyewe. Ukiuwasha, gari liko pale ulipoliacha. Ukilisogeza hata kidogo, pale pako panafutika. Ndiyo maana tonton, mjomba wetu, alipoiomba ile mashine kwa ajili ya watoto wake nilikataa. Sikumweleza. Akaniona mchoyo.

Wiki hii nikakumbuka kwamba kwenye mode photo, ile sehemu ya kupiga picha, gari halisogei, ni kamera tu inayotembea. Basi leo mchana nikawasha. Lilikuwepo, Yaya. Jekundu, na matope ubavuni. Nikataka kulipiga zile foto zako, zile ambazo gari la mashindano linaonekana kama kitu cha kuchezea ambacho mtoto amekisahau mezani. Ulikuwa unasema darasani unashinda na makelele siku nzima, jioni unataka dunia inayoingia mfukoni.

Sikuweza. Lilitoka gari tu, lenye ukungu pembeni. Nilikuwa nimeshusha kamera hadi karibu na magurudumu, kama kawaida yangu, nikakusikia kabisa: "Nsimire, panda! Ukiwa chini, gari iko gari. Panda kama ndege, kisha uvute karibu."

Nikapanda mpaka nikaona barabara yote inavyojikunja, nikavuta. Nikaacha ukanda mwembamba tu uonekane vizuri, pale gari lilipo. Juu yake na chini yake nikatia ukungu. Bado. Nilikuwa nimesahau jua. Nikalirudisha liwe la saa sita, vivuli vikafupika, nikazidisha rangi hadi miti ikawa kama ya plastiki. Na ghafla gari likawa dogo. Dogo, Yaya! Ungeliokota kwa vidole viwili.

Nikaita, "Yaya, kuya uone!"

Mdomo ulinitangulia. Cherehani ikanyamaza. Maman akaja, akasimama mlangoni. Unajua alivyokuwa akitusema sisi wanawake wazima: "Banamuke bazima na mashindano ya gari!" Leo hakusema hivyo. Alisogea karibu na kioo, akauliza, "Ile kidogo, ni ya Aline?" Nikamwambia ndiyo, aliiacha pale. "Na ile njia inaenda wapi?" Sikujua. Hata wewe hukujua, hatukuwahi kufika.

Akasema, "Sasa iko inangojea nini?" Akarudi kwenye cherehani yake.

Nililia kwanza. Kisha nikaitunza ile foto, nikatoka kwenye mode photo, nikachukua manette yako, ile yenye kitufe kinachokwama, nikaliondosha gari. Kona ikapita. Nilidhani kitatokea kitu. Nyuma ya kona kuna msitu, kisha mteremko, kisha barabara tu. Niliendesha polepole, magari mengine yakinipita, mpaka umeme ukakatika. Nikabaki najiona kwenye kioo cheusi, manette yako mkononi, upande wako wa kitanda hauna mtu.

Sitakudanganya kwamba nimepoa. Watu wananiambia nizoee, nami naitikia ili waache kuongea. Kuna siku bado nanunua mandazi ya watu watatu.

Foto yako nitaipeleka ichapishwe, Maman anaitaka ukutani, juu ya cherehani. Na nakuahidi hivi: umeme ukirudi nitaendelea na ile barabara. Sitashindana na mtu. Nikikuta mahali pazuri nitasimama, nipande juu, nikupigie foto ya kila mahali ambapo hukufika. Najua hutajibu. Nitakuita tu.

Pumzika sasa, Yaya. Hiyo kazi uniachie mimi.

Mdogo wako,
Nsimire