Mbio za Kubeba Baiskeli na Shikamoo za Njiani

Jumatano, 7 Mei

Naapa kwamba humu nitaandika yote, hata yale ya kuniaibisha. Hasa hayo.

Nimeosha vyombo, nimefungia kuku, nimepaka cheni mafuta. Baiskeli imeegemea ukuta wa jikoni. Si yangu. Ni ya shule, ya gia, na iko moja tu. Mwalimu Nambole wa Jiografia amenikabidhi kwa ajili ya mbio tatu: Chidya, Ndanda na Newala. Sharti lake ni hili. Nikimaliza hata mbio moja bila kutolewa njiani, inabaki mikononi mwangu mpaka nimalize kidato cha nne. Nikitolewa zote tatu, inakwenda kwa Zuhura, ambaye tunakaa naye dawati moja na ambaye ameshachagua rangi ya kuipaka.

Naitaka mno. Kutamani ni dhambi, lakini nimeapa kuandika yote.

Mbio zenyewe ni za kuzunguka. Mnazunguka njia fupi ya porini kwa nusu saa, mchanga, tope, kilima, halafu inapigwa kengele ya mzunguko wa mwisho. Njiani kuna magogo yamelazwa makusudi. Ukifika kwenye gogo unashuka, unaitia baiskeli begani, unaruka, unapanda tena. Hakuna kupokea msaada wa mtu, hata maji. Na kanuni inayotisha kuliko zote: anayeongoza akikuzunguka na kukupita, unapulizwa filimbi na unatoka. Kengele ikishapigwa, ukivuka mstari kabla hajakupita, umemaliza.

Bibi, mama yake Baba, ndiye anayenilea hapa Mkomaindo. Alisikiliza yote huku anachambua mbaazi. Akauliza nani katufundisha hayo. Baiskeli inambeba mtu; tangu lini mtu akaibeba baiskeli? Kisha akatoa kanuni yake moja. Popote nitakapomkuta mkubwa wangu, nishuke nimwamkie, kama nilivyolelewa. Nikimpita mzee nikiwa nimekaa kitini, baiskeli irudi shule siku hiyohiyo.

Nikaitikia ndiyo Bibi. Sikufikiri.

Ijumaa, 9 Mei

Mazoezi nyuma ya uwanja wa shule. Miundi yote miwili imechubuka. Mwalimu anasema kila anayeanza hujifunza kwa miundi.

Mengine aliyotufundisha. Kwenye mchanga punguza upepo wa tairi. Usilitazame gogo, tazama unakokwenda. Shuka baiskeli ikiwa bado inatembea. Siku ya mbio fika mapema, uikague njia yote kwa miguu. Usile ugali mwingi.

Kwa kushuka na kupanda nawashinda wote, hata wavulana. Mwalimu ameshangaa nimejifunzia wapi. Sikumwambia. Ni wazee wa Mkomaindo. Nimekuwa nikiwashukia tangu darasa la tatu.

Jumamosi, 10 Mei

Chidya. Aibu.

Mzunguko wa kwanza nilikuwa wa nne. Wa nne! Magogo niliyaruka kama mbuzi. Halafu watu wakaanza kutoka mashambani kuja kutazama. Wa kwanza kumwona alikuwa mzee mwenye jembe begani. Nikashuka, nikasimamisha baiskeli vizuri, nikapiga goti kidogo.

"Shikamoo Babu."

"Marahaba. Mtoto wa nani wewe?"

Swali hilo huku kwetu halijibiwi kwa pumzi moja. Nilimtaja Baba, hakumjua. Nikamtaja Babu, akamkumbuka kwa mbali. Nilipofika kwa babu wa Babu, yule mwalimu wa kanisa, akapiga makofi kwa furaha na kumwita mke wake. Nikamwamkia na mke wake.

Wakafuata wengine. Kisha mama mmoja mzee akakatiza njia na ndoo ya maji kichwani. Nikampokea, nikamfikishia mlangoni. Kanuni inakataza kupokea msaada. Haikatazi kutoa.

Niliporudi njiani, Dada Veronika alikuwa nyuma yangu. Ndiye aliyeongoza, anasomea uuguzi, ana miguu kama mitwangio. "Samahani mdogo wangu, nakupita," akasema. Akapita. Filimbi.

Nimekuwa wa mwisho. Mwalimu hakugomba. Alikaa juu ya gogo na kofia yake ngumu mapajani, akitazama miguu yake.

Jumapili, 11 Mei

Habari zimeshuka kutoka Chidya kabla ya ibada. Watu walimsimamisha Bibi mlangoni mwa kanisa kumpongeza. Mjukuu wako ana adabu, Mama Barnaba. Mjukuu wako kampokea mtu maji katikati ya mashindano. Bibi alitembea mpaka nyumbani kama aliyevikwa nishani.

Amechinja kuku. Mimi ni wa mwisho na nyumba imechinja kuku.

Nilikula paja. Lilikuwa tamu. Nimeona haya.

Jumatano, 14 Mei

Mwalimu alikuja nyumbani jioni. Alimwamkia Bibi, akapewa kiti, akapewa chai, akaulizwa habari za mama yake, mpaka chai ikapoa. Ndipo akasema shida yake. Je, mtoto hawezi kuinamisha kichwa tu, akapita?

Bibi akasema shikamoo ya juu ya kiti cha baiskeli ni ya kumrushia mtu, kama unavyomrushia kuku punje.

Mwalimu akafikiri. Kisha akauliza, kwa upole kabisa, kama mtu aliyeamkiwa asubuhi anaamkiwa tena adhuhuri. Bibi akakubali kwamba hapana, shikamoo ya siku ni moja, anayedai ya pili ana lake. Basi, akasema Mwalimu, atawaamkia wote kabla ya mbio. Ataikagua njia pamoja na wazee wake.

Bibi akasema basi, na iwe hivyo. Nilikimbilia jikoni kucheka. Nina tumaini.

Alhamisi, 22 Mei

Jaribio la Fizikia: vibaya. Mazoezi: vizuri. Zuhura amepima urefu wa kiti kwa shibiri. Anasema anapima tu.

Jumamosi, 24 Mei

Ndanda. Nitaandika taratibu, maana nina hasira.

Tulifika mapema. Niliizunguka njia yote kwa miguu, tope mpaka kwenye vifundo, maana huko maji yanatiririka yenyewe. Kila mzee niliyemwona nilimwamkia. Waliokaa vibarazani niliwafuata vibarazani. Niliamkia mpaka sauti ikakauka. Nilipojipanga mstarini kuanza, sikuwa na deni na mtu.

Lakini sifa za Chidya zilikuwa zimefika. Mbio zilipoanza, wazee wapya wakawa wanaingia kwa pikipiki, wengine wawili wawili, wamevaa za Ijumaa na za Jumapili. Hawakuja kutazama baiskeli. Walikuja kuamkiwa. Walijipanga kwenye kona na fimbo zao, wanangoja zamu, na mimi nikashuka na kupanda, nikashuka na kupanda, huku wenzangu wananirushia tope usoni.

Mmoja alikuwa na kofia nyekundu. Nilimwamkia kwenye daraja la miti. Kona iliyofuata, kofia nyekundu. Kilimani, kofia nyekundu, inahema. Alikuwa anakata njia kwenye mihogo ili anitangulie. Mara ya tatu akakaza uso kama hatujawahi kuonana duniani. "Marahaba mwanangu," akasema, "leo ndiyo kwanza nakuona."

Mzee anadanganya waziwazi. Unamwambiaje? Hakuna aliyewahi kunifundisha sentensi hiyo.

"Samahani mdogo wangu, nakupita." Filimbi.

Bibi alikuwepo. Safari hii alikuja mwenyewe kuona adabu yake ikishangiliwa. Alisimama karibu na magogo, na aliiona kofia nyekundu mara zote.

Jumapili, 25 Mei

Nawachukia wazee. Nimeandika. Nitatubu, lakini si leo.

Usiku wakati wa kula Bibi alisema ghafla, bila kumtazama mtu, "Wanaokota shikamoo kama korosho." Akaendelea kula.

Zuhura alikuja kunipa pole. Ananipenda kweli, ila macho yalikuwa kwenye baiskeli. Nilimuuliza yeye atafanya nini akiipata. "Mimi nitavaa miwani ya jua nyeusi tii," akasema. "Simwoni mtu, simwamkii mtu. Na wewe dada, ungekuwa na akili, ungeanza kuugua macho mapema."

Nilicheka mpaka nikalia. Halafu nikalia tu.

Ijumaa, 30 Mei

Newala. Basi limepanda kona zile za mlimani huku Bibi amefumba macho na kushika kikapu cha ming'oko, vile viazi vya porini. Tumelala kwa dada yake. Hakuniambia kwa nini amekuja. Sikuthubutu kuuliza.

Jioni tulikwenda kuiona njia. Waandaaji walitaka tope kama la Ndanda, wakaleta gari la maji wamwage kwenye bonde dogo. Tope! Huku juu, ambako ndoo ya maji inasubiriwa foleni! Akina mama walitokea na ndoo na madumu, wakakinga yote kabla hayajagusa ardhi. Mmoja akamwambia dereva, "Baba, asante, mashindano yenu yameanza vizuri."

Kwa hiyo hakuna tope. Kuna mchanga. Mchanga wa kumzika mtu.

Kesho ni ya mwisho. Nimepunguza upepo wa tairi. Ninaogopa.

Jumamosi, 31 Mei

Nimechoka. Ila nimeapa.

Asubuhi nilianza kuwaamkia watu, lakini Bibi akanizuia. "Kaa. Tunza pumzi." Hilo tu. Nikafikiri amekata tamaa.

Tulianza. Kona ya kwanza yenye mchanga nikaona kundi la wazee, na mbele yao Bibi, na kando yake dada yake, Bibi Mkubwa. Yeye sikuwa nimemwamkia, alikuwa bado amelala tulipotoka. Vidole vikashika breki, mguu mmoja ukaanza kuvuka kiti.

"Marahaba!" Bibi Mkubwa akapiga kelele.

Sikuwa nimesema kitu. Nilimkodolea macho. Bibi akanikunjia uso. "Umeshaitikiwa! Unashuka kufanya nini? Pita!"

Nikapita. Nimekaa kitini, mbele ya wazee wote wale, nimepita.

Kumbe wao wawili walikuwa wamezunguka tangu alfajiri, wakimpanga kila mzee. Ndiyo maana Bibi Mkubwa alirudi kulala. Kila kona: "Marahaba!" Kwenye magogo: "Marahaba!" Mabibi wenye madumu yao ya jana: "Marahaba, marahaba, kaza mguu!" Walizoea upesi, wakaanza kumwitikia kila apitaye. Wavulana wasiowahi kumwamkia mtu maishani waliona haya mpaka wakawa wanajibu shikamoo huku wanahema. Dada Veronika aliitikiwa na kundi zima, akacheka hadi akagonga gogo.

Hapo ndipo aliponipa nafasi. Kengele ya mzunguko wa mwisho ilipopigwa alikuwa bado hajanipita. Nilimsikia nyuma, mbali, lakini nilimsikia.

Kisha nikaanguka. Kona ya mwisho kabla ya kilima, pale ambapo njia inapita ukingoni na bonde la Ruvuma linaonekana lote. Gurudumu la mbele likazama, nikaruka juu ya usukani. Mchanga mdomoni. Cheni imetoka. Hapakuwa na mtu pale ila mzee mmoja, mwembamba, mwenye mwavuli uliovunjika ubavu mmoja. Nadhani alikuwa anapita zake tu. Nilimtazama, nikafungua mdomo, na badala ya salamu kikatoka kilio.

Alitaka kuniinua, nikaona mkono unakuja. Nikatikisa kichwa. Akaelewa, sijui vipi. Akaiweka mikono nyuma, mwavuli na yote.

"Marahaba mjukuu wangu," akasema, polepole, kana kwamba tuna siku nzima. "Mimi sijambo. Nyumbani kwangu hawajambo. Na kwenu najua hawajambo. Basi. Yameisha yote. Inuka."

Nikainuka. Nikarudisha cheni kwa vidole vitupu. Kilima nilikipanda nimeibeba begani, miguu inazama, na nyuma nasikia, "Samahani mdogo wangu, na..."

Sikumsikia akimaliza. Nilikuwa nimevuka mstari.

Nyuma yangu walibaki wawili. Mwalimu alinikumbatia, akakumbuka yeye ni mwalimu, akaniachia, akanipa mkono.

Niliomba maji. Bibi akaficha kikombe mgongoni. "Umekopeshwa shikamoo kijiji kizima. Kalipe kwanza." Nikaanzia kona ya kwanza, nikiikokota baiskeli, nikapiga goti kwa kila mmoja. Kulipa huko kulikuwa kurefu kuliko mbio. Nilipofika kwenye kona ya ukingoni, mzee wa mwavuli hakuwepo. Niliuliza. Hakuna aliyemjua.

Jumatatu, 2 Juni

Shule. Hesabu, Kiswahili, Jiografia. Zuhura ameniletea kopo dogo la rangi ya bluu. Anasema alishainunua, haina kazi kwake, ila nimruhusu aendeshe siku za Jumamosi. Nimemruhusu.

Baiskeli imeegemea ukuta wa jikoni. Nimeifuta mchanga wote. Umebaki kidogo ndani ya kengele, ukiipiga inakwaruza. Nimeuacha.

Bibi aliniuliza jioni kama nimewalipa wote. Nikasema bado mmoja. Akaongeza kuni.

Kesho asubuhi Mwalimu anapanda Newala kurudisha vigingi na kamba za njia, na atarudi na basi la jioni. Nitamkimbilia kituoni kabla hajaondoka. Nimeshaandika nitakachomwambia, nisije nikababaika. Shikamoo Mwalimu. Pale kona ya ukingoni palikuwa na mzee mwembamba mwenye mwavuli uliovunjika ubavu mmoja. Naomba umtafute, unipe jibu kwa basi hilohilo la jioni: anaitwa nani, na je, shikamoo yangu ukimpelekea wewe itakuwa imemfika, au nipande mwenyewe?