Gari la Muhugu

Jumamosi, 8 Oktoba 1983. Umoja.

Mwaka wa thelathini na saba tangu nishuke kwetu Lushoto, Tanzania, kwa miguu. Asubuhi nimepiga gari msasa kama kawaida, ubavu wa kushoto. Mgongo unauma. Nina furaha.

Nisisahau nasaba ya gari hili. Mzungu wa kahawa huko Ruiru aliliagiza Uingereza likiwa jipya. Alipoondoka akamwuzia daktari Mhindi wa Pangani, aliyelipenda mpaka mkewe akalichukia. Kisha fundi redio asiyekuwa na leseni. Kisha kuku. Nililikuta nyuma ya nyumba moja Makongeni, nikiwa bado karani wa reli, kuku ameatamia kwenye kiti cha dereva. Viti viwili, pua ndefu, taa kama macho ya mtu aliyeshtuka. Nilicheka peke yangu.

Gari kama hili lilinipita siku ile nikishuka kwenda Mombo. Vumbi likanijaa kinywani. Nikaapa: nitakapoupanda tena mlima huu, nitaupanda ndani ya gari kama lile. Nilikuwa kijana. Kiapo kimekataa kuzeeka.

Jumatano, 19 Oktoba

Chini ya bati, mifupa ya gari hili ni mbao. Mchwa waliimaliza. Leo jirani yangu Mutua, mchonga vinyago vya watalii, amekamilisha mifupa mipya ya muhugu, mti anaoujua kuliko yote. Mgumu, mzito, mchwa hawaugusi. Gari zima linanukia. Mke wangu Wanjiru amesema sasa anaweza kukaa humo bila kuwafikiria kuku.

Chini ya dashibodi, mahali ambapo hapaonekani, Mutua amechonga twiga mdogo. Sikumwomba. Nimefurahi kuliko nilivyoonyesha.

Ijumaa, 18 Novemba

Redio: mpaka wa Tanzania umefunguliwa. Ulifungwa miaka sita na ushee. Nikaizima nisisikie habari nyingine, nikaenda kukaa garini.

Injini inawaka. Breki zinashika. Sina kisingizio tena. Krismasi, Lushoto.

Jumapili, 20 Novemba

Majaribio. Mutua kando yangu, kofia ya kanisani kichwani. Jogoo Road tulipaa. Vijana wa Makadara wakalisifu gari kwa kelele: "Buda, dinga yako ni kali!" Nikawapigia honi kama mjinga.

Kisha njia ya Ngong, penye mwinuko. Gari likapunguza mwendo, likaguna, likasimama. Maji yakachemka. Tukalipoza, tukajaribu tena. Likasimama pale pale. Mutua akashuka, akagonga ubavu kwa kifundo cha kidole, kama anavyopima gogo.

"Mzee, hii si gari. Tumetengeneza kabati lenye injini."

Muhugu ni mzito mno. Waingereza walitumia mti mwepesi wa kwao. Sisi tuliwaza mchwa tu. Tulicheka hadi tukashikilia milango. Kisha nikaikumbuka safari. Mlima wa Lushoto ni mkali kuliko ule, na hauishi upesi.

Jumatatu, 21 Novemba

Mutua amejitolea kung'oa kila kitu na kuanza upya kwa mbao nyepesi. Nimekataa. Mchwa watarudi. Tena kuna yule twiga.

Wanjiru: "Si upande basi kama watu wengine, Baba Stefano?"

Nimekasirika kutwa. Sitaki kuingia kwetu nikiwa abiria. Ni kiburi. Nakijua kwa jina lake.

Alhamisi, 8 Desemba

Dada yangu Naomi yuko jikoni kwangu!

Nilikuwa chini ya gari. Nikaona viatu vya mwanamke, vyekundu kwa vumbi.

"Toka huko, mdogo wangu, nione kama bado una meno."

Nikatoka na grisi usoni. Tukalia, tukachafuana. Amekuja kwa basi, umri ule, na kikapu cha matunda damu ya Lushoto. Miaka yote niliutazama mpaka kama mlango wangu mimi. Haikunijia kwamba na wa upande wa pili wanaweza kuusukuma.

Alianza kuniulizia Makongeni. Jina langu walikuwa wamelisahau. "Mzee wa gari la Kizungu? Alihamia Umoja." Huku Umoja akaletwa hadi mlangoni na kundi zima.

Jumapili, 11 Desemba

Nimempeleka Naomi kanisani Makadara kwa gari. Kitambaa kichwani, kidevu juu, anapungia mkono kila mtu, hata punda wa mkokoteni. Eastlands, mitaa yetu hii, ni tambarare. Kabati halikuguna hata mara moja.

Baada ya ibada kila mama alitaka kuzungushwa. Wanjiru akawapanga foleni. Nimeendesha mpaka petroli ikaisha mbele ya soko, tukasukumwa hadi nyumbani kwa nyimbo. Sijacheka hivi tangu harusi yangu.

Jioni nilimsimulia Naomi kiapo changu. Akatafuna tunda lake hadi mwisho.

"Nyumba ya baba ilianguka zamani. Uliowaacha wamelala makaburini. Wa kukuona ukiingia na gari ni mimi tu. Haya, nimekuona. Umependeza. Lete chai."

Jumanne, 13 Desemba

Nimemfikisha Naomi kituoni. Kikapuni ana twiga mkubwa wa Mutua, shingo nje. Atakuja tena Pasaka.

Nimerudi polepole. Jua kali, muhugu ukanukia njia nzima. Nimefuta vumbi, nimelifunika gari kwa turubai.

Sitarudi Lushoto.