Sindano za Mama na Makopo Uliyotuma

Chumba cha nyuma, juu ya duka la vioo,
Jumapili asubuhi, tarehe nane, mwezi wa tatu.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu, nyingi kuliko mabegi unayosafiri nayo. Hamjambo wewe na shemeji? Yale mafua yamekuachia? Huku tu wazima, ukiondoa goti langu, ambalo siku hizi linatabiri mvua na halikosei.

Nianze na bahati yangu, maana najua utaona wivu. Mama kasahau watu wote, lakini mimi ananijua. Watoto watano kazaa, na jina lililobaki kichwani mwake ni moja tu, la huyu mtanashati anayekuandikia. Jana naingia mlangoni tu, kaniita jina langu lote, na la utani juu yake. Tangu utotoni nilikwambia kipenzi ni mimi, ukalia.

Sasa tuje kwenye barua yako. Nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama, kwa sababu kiti kilinishinda. Unasema umetuma makopo ya vitamini za ubongo mwaka mzima, mama habadiliki, basi ubongo wake umekwisha, tumtafutie nyumba ya kulelea wazee na chumba chake kipangishwe. Umekwisha? Mama ni kiberiti? Nimekasirika, bibie, na sitakuficha.

Hayo makopo, ngoja nikwambie yalikokwenda. Unamjua mama, miaka thelathini mpishi wa shule. Hawezi kufungua chombo akala peke yake. Kila kopo likifika, aliwapanga wajukuu mstari sebuleni, wadogo mbele, wakubwa nyuma, akagawa kidonge kimoja kimoja kwa kijiko, na anayerudi mara ya pili anafukuzwa. Baada ya wajukuu, jirani mshona viatu na mkewe. Yeye mwenyewe, ukimuuliza, alishakula jikoni.

Na mimi nilipanga foleni. Mimi huyu, mtu niliyekula maisha miji minne. Nilinyoosha kiganja kama mwanafunzi, nikacheka, nikameza. Mkojo ukawa wa njano kama koti la mtengeneza barabara, akili ikabaki ileile. Kwa hiyo hasira hii, nusu yake naila mwenyewe.

Nusu nyingine mnagawana wewe na yule bwana wa zahanati. Mara tatu nilimpeleka mama. Nikamweleza kwamba miguu inamwaka moto na kufa ganzi, anayumba akitembea, anatia chumvi kwenye chai, anamuulizia marehemu baba kana kwamba katoka mara moja kwenda dukani. Mara tatu bwana kaangalia mwaka wa kuzaliwa, kafunga faili. "Mzee wangu, huo ni uzee, mzoeeni tu." Damu yenyewe hakuchukua hata tone.

Safari ya nne tukamkuta daktari wa kike, kijana, kimo cha meza. Nikamwambia, "Mwanangu, hebu niitie mkubwa wako."

Akasema, "Mkubwa wangu ndiye aliyewaambia ni uzee. Nimwite?"

Nikakaa.

Akauliza mama anatumia dawa gani. Vidonge vya kisukari, miaka tisa, asubuhi na jioni. Akauliza anakula nini. Nikafungua mdomo, nikajikuta sijui. Lini mara ya mwisho umemwona mama anakula yai, au kipande cha nyama? Anatugawia sisi, yeye anashushia mkate kwa chai. Damu ikapimwa: vitamini B12 karibu hakuna, na madini ya chuma yako chini. Akasema vidonge vile vya kisukari vikitumika miaka mingi vinaweza kuufanya mwili usiipate vizuri hiyo vitamini. Asiviache, lakini alipaswa kupimwa. Na chai ya pamoja na chakula inakipunguza chuma kinachoingia mwilini.

Shule niliachia njiani, lakini mimi ni fundi umeme, hapo nilielewa kuliko profesa. Mishipa ya fahamu ni waya. B12 inasaidia kutunza ganda lake. Ganda likichubuka, umeme unapotea njiani: huku miguu inawaka, kule jina la mtoto halifiki. Chuma nacho kinaisaidia damu kubeba hewa hadi kichwani. Miaka ishirini na mbili napanda dari za watu kutafuta waya uliochubuka. Wa nyumbani kwangu ulikuwa unatoa cheche mbele ya macho yangu, mimi nikasema taa imezeeka.

Daktari hakuniahidi makubwa. Kasema si kila usahaulifu unatokana na vitamini, na ukichelewa sana mengine hayarudi. Makopo ya dukani hayatoshi kwa hali yake. Anahitaji sindano, leo anadungwa, kesho anapumzika, mpaka zije zipunguzwe. Kapata ya sita. Ukuta ameacha kuushika akitembea. Na sasa namkalia mbele mpaka amalize sahani yake. Ananitukana matusi ya jikoni ambayo sikujua anayajua, namwacha atukane.

Kwa hiyo makopo basi. Nyumba ya wazee futa, chumba hapangishiwi mtu. Ninachotaka kwako ni simu, kila jioni, umtajie jina lako polepole. Usimuulize "unanijua mimi ni nani?" Anaona aibu, ananyamaza, nawe unakata simu unatangaza ubongo umekwisha.

Nisalimie shemeji, na wale mapacha, na shangazi mkorofi mkionana. Wifi yako anakusalimu. Mshona viatu naye anauliza kopo lingine linafika lini. Mungu akulinde huko uliko, akupe moyo mlaini kuliko barua yako.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye hata nikifoka,

Cheche

Bahasha nilishaifunga, nimeichana. Ile ya mama kuniita jina ni uongo. Hanijui. Ananiita fundi. Jana kanishukuru kwa kumtengenezea taa, halafu akaniuliza kama mama yangu yu hai.

Nikamwambia yupo.