Tumeitazama Sehemu ya Tatu

Kwako kaka mpendwa,

Pokea salamu za nyumba nzima. Natumai kile kifua kimetulia, na kwamba wifi na watoto hawajambo. Sisi tunasukuma siku. Baba anakula vizuri na bado anagombana na watangazaji wa redio kana kwamba wanamsikia.

Ile filamu tuliyoingojea tangu hujaoa hatimaye imetoka. Unakumbuka sehemu ya pili ilivyotuacha roho juu, chombo kimezimika katikati ya nyota na nahodha anaita duniani bila kujibiwa? Miaka yote hiyo baba amekuwa akishikilia kwamba kilichowaponza ni mitambo ya kupoza. Fundi majokofu ni fundi majokofu, hata angani. Anazipenda filamu hizo kwa sababu watu wake wanafanya kazi: wanakaza nati, wanachoka, wanakosea.

Sasa kuna jambo alilonikataza kukuandikia, na juzi ndipo aliponiruhusu. Kaka, baba haoni tena. Ilikuwa presha ya macho, imemla kidogo kidogo bila maumivu, na tulipofika hospitali tulikuwa tumechelewa. Alisema usiambiwe, ungeacha kazi bure.

Lakini filamu aliitaka. Alivaa shati la pasi, nikamshika mkono hadi kwenye viti vya nyuma, nikawa namnong'oneza kila kinachopita. Mwanamume wa mbele yetu akageuka, akasema amekuja kutazama, si kusikiliza hadithi. Baba akamjibu kwa upole, "Mimi ndiye niliyekuja kusikiliza, mwanangu. Nivumilie." Yule bwana akageukia skrini.

Filamu ni nzuri, kaka. Haina haraka. Kuna mahali nahodha anazima taa zote ili wenzake wapate hewa, akabaki kimya gizani, na ukumbi mzima ukanyamaza naye. Baba alinibana mkono kweli kweli.

Karibu na mwisho watu wote wakashtuka kwa furaha. Baba akauliza, "Nini? Wameona nini?" Nikatafuta kwenye skrini, sikuona kitu. Yule bwana wa mbele akageuka, akamwambia, "Mzee, kuna taa imewaka pembeni kabisa, kule chini. Dunia imewajibu." Baba akalia. Mimi nikakaa nimeganda, maana hiyo taa sikuiona hata ilipowaka mara ya pili.

Hata kabla ya siku hiyo nilikuwa nimeshaanza kugonga bega kwenye mlango wa kiwanda cha uchapaji ninakofanya kazi, nikajiona mzembe tu. Wiki hiyo hiyo nikaenda kupimwa. Kaka, ni ugonjwa ule ule wa baba. Nilichopoteza hakirudi, lakini daktari anasema kilichobaki kinaweza kulindwa, nikiwa mwaminifu kwa dawa ya matone.

Nilipomwambia baba, alinyoosha mkono akanipapasa uso, nyusi, kope, taratibu, kama anayetafuta palipoharibika. Kisha akauliza jambo moja tu: "Na kaka yako?"

Ndiyo maana nimeandika. Unatembea vizuri, unasoma vizuri, najua. Hata baba alikuwa hivyo. Nenda kapimwe kabla hujamaliza kupanga majibu ya barua hii, na uende na watoto.

Msalimie wifi, wabusu wanangu. Baba yuko hapa kando yangu, anasema niandike kwamba hakukasirikii kwa kukaa mbali.

Ni mimi mdogo wako,
Kifaranga