Mutu wa Kwanza Kusoma Mémoire Yangu

Mutanga Nord, Alhamisi

Mutu mumoja tu amesoma mémoire yangu, ile niliandika ya kumaliza université juu ya samaki wa ziwa, mpaka mwisho, na ni mufanyabiashara anayeuzia Wazungu samaki wazuri wa kufuga ndani ya vioo.

Alinipigia leo. Anataka nimuonyeshe yale mawe ya kusini mwa ziwa, penye samaki wangu wadogo wa manjano ambao hawapatikani pengine. Avue wote, awatume Ulaya kwa ndege, na mi anilipe kila mwezi.

"Ni we tu unajua pahali wanajificha, docteur."

Mi niliandika ili walindwe! Ofisi zote niliomba kazi, hakuna hata moja iliniambia apana. Kimya tu.

Mama ameniuliza kama nimepata kazi. Nikasema ndiyo.

Sasa yuko jikoni, anaimba, anamushukuru Mungu.