Kaa Dume wa Lac Vert

Jumatatu, 4 Machi
Kaa kumi na mmoja leo, kwenye ukingo wa ziwa hili dogo la Lac Vert. Wote majike. Tangu asubuhi mkono uko mashimoni hadi bega, tope limeingia mpaka masikioni, dume hata mmoja hakuna. Kaa huyu hayumo katika kitabu chochote nilicho nacho. Lakini aina hutambuliwa kwa dume, kwa vile vijiti viwili vilivyofichwa chini ya kifuniko cha tumbo lake. Profesa anayenisimamia ameandika tena kutoka Kinshasa: bila dume, hakuna jina. Asante sana, Profesa. Sikujua.

Alhamisi, 7 Machi
Majike tisa. Mabomu ya vita huko mjini Sake yanasikika hadi hapa. Barabara ikifungwa, kazi ya miaka miwili imekwisha. Nimevunja chupa kwa hasira. Chupa nzuri.

Jumamosi, 9 Machi
Nimejua madume wanakokwenda. Sufuriani! Wakimbizi wa kutoka Masisi, waliofunga shitingi zao, vibanda vya plastiki, juu ya ukingo, wanachimba kila alfajiri kabla sijafika. Nimemkuta mama mmoja amemaliza kuchemsha kaa, watoto watatu wamezunguka jiko. Kaa wote madume. Nimempigia kelele mbele ya watoto wake. Nimemwambia anakula kazi yangu. Hakuinuka.

"Papa, ule iko na batoto ku tumbo tunamurudisha mu shimo," amesema. "Mama na batoto yake, utamukula je?"

Nimeondoka bila kuaga. Hasira bado ninayo, ila sasa sijui ni ya nani.

Jumapili, 10 Machi
Ni yangu mwenyewe. Msomi mzima, sikujiuliza hata mara moja kwa nini ni majike tu. Njaa ile nilipita kando yake kila siku na ndoo yangu. Na hao wenye bunduki, wa pande zote, walaaniwe.

Jumatano, 13 Machi
Bomu limeanguka karibu na kambi. Watu wote wamekimbilia mjini. Nimemtafuta yule mama sokoni Kituku, makanisani, kwenye shule. Nilitaka kumwomba radhi. Na, niseme ukweli, kumwomba dume. Naona aibu kuliandika hili. Sijampata.

Ijumaa, 15 Machi
Nimerudi Lac Vert kwa pikipiki. Kimya. Shitingi hakuna, mafiga yamebaki. Kando ya jiko la yule mama kuna rundo la magamba ya kaa. Miguu wameinyonya, matumbo wameyatupa. Nimeokota vifuniko vyembamba, vya madume, nikavifunga kwenye leso.

Mchana, chini ya darubini. Vijiti viko vizima, ncha zimepinda kwenda nje. Hakuna kitabu chenye kaa wa namna hii. Ni aina mpya.

Nimeandika kibandiko. Mahali: Lac Vert. Penye jina la aliyekusanya niliandika langu, nikalifuta. La yule mama sikumwuliza.