Risasi ya Nyavu Kwenye Pampu ya Dizeli

Mpendwa shemeji yangu Masatu,

Pole na ukimya wa huko uliko. Sisi hapa Guta wazima, isipokuwa mimi. Unanijua, mimi si mtu wa kuandika. Darasa la tano nililisoma nusu, nusu nyingine nilikuwaga chini ya lori la baba. Lakini wiki sita zilizopita niliandika wasifu wako, nikausoma mbele ya waombolezaji kwenu Majita, kwa sauti hii yangu ambayo watu wanasema haihitaji kipaza sauti. Niliusoma vizuri, mchungaji mwenyewe alinishika mkono. Na ndani yake nilisoma hivi: "Marehemu aliacha udereva kwa hiari yake, akarudi ziwani alikokuwa anapenda."

Dada yangu Nyafuru, mkeo, aliinua kichwa akanitazama.  Tangu siku ile namkwepa.

Kwa hiyo leo nausahihisha huo wasifu.

Unalikumbuka Kobe, lile lori la baba la pua ndefu. Lilifika kwetu likivutwa kwa mnyororo, miaka ile ya shida ambayo hata kipande cha sabuni ulikuwa unakipangia foleni, sembuse ringi za pistoni. Nani aliliamsha? Mimi, na hapo sirudi nyuma hata kwa marehemu. Gasketi nilikata kwenye maboksi. Bomba la redieta nililifunga kwa mpira wa tairi. Nozeli za kupulizia dizeli zilipoishiwa nguvu, nilizikazia springi kwa vipande vya wembe wa kunyolea, na lori likawaka. Nilikuwaga nalala chali pale uani, nasikia nati iliyolegea wakati wewe na lori bado mko mbali kule Balili. Ukifika nakwambia ni ya gurudumu gani.

Wewe ulikuwaga unacheka. "Basi shemeji, nikiwa Mwanza nitapiga honi uniambie ugonjwa."

"Piga mara mbili," nakujibu, "moja nitadhani ni ya mtu mwingine."

Ulikuwa dereva hasa. Baba alikuozesha binti yake kwanza, usukani ukafuata, na mimi nadhani usukani ndio alikuwa anauonea wivu zaidi. Ulikuwa unalibembeleza lile lori kama ng'ombe anayekamuliwa. Safari zikiisha, unachukua nyavu yako iliyokuwa inatundikwa bandani kwetu, unashuka ziwani, unarudi na sato wa kutosha nyumba nzima.

Halafu ikaja ruksa ya kuagiza bidhaa nje. Bidhaa zikajaa Musoma, na malori mapya ya Kijapani yakaja nyuma yake. Yakawa yanatupita kwenye mlima wa Nyamuswa, matingo wamekaa juu ya mzigo wanatuuliza kama tunahitaji kusukumwa. Pale barabara ya Mukendo, Musoma, wafanyabiashara wakaanza kusema Kobe apelekwe makumbusho. Mimi nikasimama mbele ya duka, watu wamejaa, nikawaambia mwezi huu Kobe atapanda Nyamuswa na gia ya tatu, na mzigo kamili. Nikishasema kitu mbele za watu, shemeji, huwa nakiona tayari kimetokea.

Kwenye pampu ya dizeli kuna skrubu ndogo ya kuongeza mafuta. Kiwandani huwa wanaifunga kwa waya, na juu ya waya wanabana lakiri ya risasi, yale madini laini, ili asiiguse mtu yeyote. Jumapili moja wote mlipokwenda kanisani nilikata ule waya. Nikaizungusha skrubu robo, nikasikiliza. Nikaizungusha robo nyingine. Injini ikanguruma kama imerudi ujanani, na mimi nikacheka peke yangu uani kama mwehu.

Ikabaki lakiri. Ningeirudishaje? Nikaingia bandani, nikaishika nyavu yako, nikakunjua kipande kimoja cha risasi, vile vizito vya kuzamisha nyavu, kwenye kamba ya chini. Nikakibana kwenye waya kwa koleo, nikakisugua na oili chafu mpaka kikafanana na kitu cha Ulaya. Mliporudi kutoka kanisani nilikuwa nanawa mikono.

Safari ya kwanza unaikumbuka. Tulikuwa wawili mbele, mimi na wewe. Baada ya Butiama tuliikuta gari mojawapo ya zile za Kijapani zilizokuwa zinatucheka, nawe ukaipita mlimani na gia ya tatu. Ulikaza midomo usicheke, lakini mkono wako ulitoka dirishani ukawapungia kama padri. Moshi wetu ulikuwa mweusi hivi kwamba kuku wa kijiji kizima walipanda kulala saa sita mchana. Hiyo nimewasimulia watu wengi, na kila mara nasema mimi ndiye nilikuwa nimeshika usukani. Nisamehe na hiyo.

Bunda nzima ikaanza kuniita Injinia.

Safari ya pili tulibeba mabati na saruji. Butiama ulisimamisha gari. Ukafungua redieta kwa gunia, ukajaza maji kwa debe, ukasubiri yatulie, ukaongeza tena. Nilikuwa nimesimama pembeni yako natafuna muwa. Niliona kwa macho yangu haya.

"Maji yapo," ukasema, "ila moshi umezidi, shemeji. Hujagusa pampu?"

"Nitagusaje kitu chenye lakiri? Kaangalie mwenyewe."

Ulitupa jicho pale palipojaa oili. Ukasema, "Haya. Wewe ndiye fundi."

Hatukufika Nyamuswa. Mlimani injini ilitoa mlio kama wa sufuria iliyopigwa nyundo, ikanyamaza.

Kobe akavutwa mpaka nyumbani, na baba akamleta fundi kutoka Musoma, akaifungulia injini pale pale uani kwetu. Pistoni moja ilikuwa na tundu la kupitisha kidole gumba. Fundi akauliza nani amegusa pampu, maana dizeli ikizidi huunguza pistoni. Akachukua tambara, akaifuta lakiri, akasema ipo salama. Musoma alifuata kazi tu yule, kwao ni mbali na ziwa, hajawahi kukunja nyavu maishani. Lakini wewe ulikuwa umeinama begani kwake. Uliitazama ile risasi muda mrefu kuliko yeye, halafu ukainuka ukatazama viatu vyako.

"Kama pampu haijaguswa," fundi akasema, "basi gari iliishiwa maji."

Baba alikuwa amesimama mbali, hasira imemkaza shingo. Akanigeukia mimi. "Wewe ulikuwa ndani ya gari. Aliweka maji?"

Shemeji, nilikuwa na muda. Watu wanasema maneno mengine humtoka mtu, lakini hayo hayakunitoka, niliyachagua. Nikasema, "Alisahau."

Mkwe hapandishi sauti mbele ya baba wa mke wake, na wewe ulilelewa vizuri. Ulivua kofia. "Nimesikia, Mzee," ukasema, ukampa funguo kwa mikono miwili.

Siku uliyokuja kuchukua nyavu ulinikuta bandani. Uliipitisha mikononi taratibu, upande wa chini, mpaka ukafika pale.

"Shemeji, nyavu yangu imepungua risasi moja."

"Labda panya."

"Panya wa kwenu wana meno." Ukaikunja, ukaiweka begani. "Nyafuru asijue. Wewe ni kaka yake."

Ndivyo ulivyosema, na ndivyo ulivyoondoka. Kuanzia Musoma mpaka Bunda hakuna mwenye lori aliyekupa usukani tena. Walikuita Kausha-Maji. Hata mimi nilikuita hivyo mara moja, kwenye pombe, ili watu wacheke, na wakacheka. Miaka yote hiyo ukitutembelea uliniletea sato, unaniuliza, "Injinia hajambo?" Sijawahi kusikia kejeli ndani yake. Niliitafuta sana, maana ingenisaidia.

Juzi nilimwambia baba. Sasa haoni vizuri, anakaa mlangoni na redio yake. Nilianza kwa kuzunguka, unanijua, nikaanzia enzi za shida na nyembe. Akasema, "Fupisha." Nikafupisha. Aliacha taarifa ya habari iishe, akazima redio.

"Hiyo risasi iko wapi?"

Nilikuwa nayo, kwenye kopo la misumari, tangu siku tuliyoivunja ile injini kuwa vyuma chakavu. Nikamwekea kiganjani. Aliigeuza mara moja tu, akapitisha kucha kwenye ule mkunjo wa kamba.

"Hii ni ya nyavu," akasema. "Ningesogea hatua tatu siku ile, ningeijua." Halafu akauliza, "Yeye alijua?"

"Alijua."

"Na akanipa funguo kwa mikono miwili."

 Hakunitukana. Mimi nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, nilikuwa nimevaa hata shati la zamani. Alisema tu, "Jumamosi unanipeleka Majita. Wasifu utausoma upya, na watoto wake wawepo. Sauti iwe ile ile."

Basi tunakuja, shemeji. Nitasoma barua hii hii, pamoja na pale Butiama, maji debe mbili na muwa wangu mkononi. Ikifika kwenye usukani wa safari ya kwanza nitasema ni wewe. Wanao watajua baba yao hakusahau maji.

Nilituma mtu kwa Nyafuru kuuliza kama ile nyavu ipo, niirudishie risasi yake. Amejibu kwamba nyavu iliisha kitambo, imebaki kamba ya chini tu, anaanikia nguo. Nimemwambia asiitoe. Nitaifunga risasi hapo hapo kwenye kamba, na nguo zake zikiwepo.

Pumzika, dereva.

Ni mimi shemeji yako, mjomba wa watoto wako,
niliyekata lakiri.